Siku Mjomba Alipoitaja Jupita Mkutanoni

Mjomba ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki kabla sijaanza shule, na baba alikuwa amevuka mpaka siku nyingi, akaoa upande wa Zambia na kutulia huko. Nikakulia kwa kaka yake mama, katika kijiji kilicho ukingoni mwa Mbozi, pale mashamba ya kahawa yanapoishia na barabara inaanza kuteremka kuelekea Msangano. Mke wa mjomba nilimwita mama, na hata leo namwita hivyo. Walikuwa na watoto wao, lakini sikumbuki siku niliyopewa kipande kidogo cha nyama kwa sababu mimi ni wa kufika. Nasema hili mapema ili nitakayoyasema baadaye yasifanye mtu amwone mjomba kama mtu mbaya tangu mwanzo. Hakuwa mtu mbaya. Kama angekuwa mbaya, yasingeniuma hivi.

Alikuwa mwalimu wa fizikia. Alifundisha sekondari mpaka akastaafu, na hata baada ya kustaafu alivaa kama mtu anayesubiriwa darasani: shati lililopigwa pasi, kalamu mfukoni, soksi hata wakati wa matope. Sauti yake ilikuwa ya chini. Kijijini watu walimheshimu lakini walimwona msumbufu kidogo, kwa sababu hakuacha maneno yapite. Mtu akisema msibani kwamba marehemu amelogwa, mjomba angeuliza taratibu, "Alikuwa anaumwa nini?" Na angesubiri jibu mpaka mwenzake aone aibu.

Nilipokuwa msichana wa shule ya msingi alirudi kutoka Nakonde na darubini. Aliinunua kwa Mzambia mmoja aliyekuwa anauza mitumba ya kila aina, vioo vyake vimechubuka, mguu mmoja umefungwa kwa waya. Mama alipoiona alicheka, akasema wenzake wanavuka mpaka kuleta vitenge na mafuta ya kula, yeye kaleta bomba. Baada ya chakula cha jioni mjomba aliibeba mpaka uwanjani, akaiweka juu ya kichanja cha kuanikia kahawa, akahangaika nayo mpaka tukaanza kuchoka, kisha akaniita.

"Njoo uangalie. Usiguse kichanja. Ukikigusa tu, inaruka."

Nikaweka jicho. Mwanzoni niliona giza na kope zangu mwenyewe. Halafu ikatokea duara dogo, rangi ya chai ya maziwa, na katikati yake mikanda miwili ya rangi iliyokolea zaidi. Pembeni vidoa vya mwanga vilikuwa vimejipanga kama shanga.

"Hiyo ni Jupita," mjomba akasema. "Vitabuni utakuta wanaiita pia Mshtarii. Hivyo vidoa ni miezi yake."

"Na mistari?"

"Mawingu. Huko hakuna ardhi, mama. Ni mawingu juu ya mawingu mpaka ndani kabisa. Dhoruba ikianza, haikuti mlima wala nchi kavu ya kuivunja nguvu."

Aliniambia kuna dhoruba moja nyekundu huko, kubwa kuliko dunia yetu nzima, ambayo bomba letu halikuweza kuionyesha. Alinionyesha picha yake ndani ya kitabu chake cha kufundishia. Watu wameitazama vizazi kwa vizazi, alisema, na kila wanapoipima wanaona inapungua. Zamani ilikuwa pana. Sasa imejikunja, na huenda siku moja ikaisha, huenda isiishe.

Tangu hapo nikawa mtu wa kichanjani. Watoto wake wa kuzaa hawakuvutiwa, hasa kitindamimba, ambaye alipenda magari tu. Mimi nilikaa na mjomba. Ninapofikiria utoto wangu, kinachonijia kwanza ni yeye ameinama kwenye lile bomba, anapumua taratibu ili asilitikise.

Mwaka mmoja, nilipokuwa chuoni nasomea ualimu, nilirudi likizo nikamkuta amefurahi kama mtu aliyepata mjukuu. Hata mzigo hajanipokea.

"Mkanda mmoja umepotea!"

"Mkanda gani?"

"Wa Jupita. Mmoja haupo. Leo jioni utaona mwenyewe."

Jioni ile niliona. Pale palipokuwa na mikanda miwili sasa palikuwa na mmoja, na upande wa pili ni weupe mtupu. Nikamuuliza umekwenda wapi. Akasema wanaofuatilia mambo hayo wanaona mawingu meupe yameufunika kwa juu, na kwamba imewahi kutokea, na utarudi.

"Kwa nini umefunikwa?"

"Hakuna anayejua vizuri," alisema, akatabasamu. "Ukiulizwa kitu usichokijua, sema hujui. Hapo ndipo mtu anapoanza kukuamini."

Nililichukua neno hilo nikalifanya langu. Nikawa mwalimu wa jiografia, nikapangiwa shule ya kata ya kijiji chetu hichohicho, na mara nyingi wanafunzi waliponibana nilisimama mbele yao nikasema sijui, nitatafuta. Sikuwahi kuona aibu.

Miaka ikaenda. Nikaolewa, nikapata watoto, mume wangu akawa na shughuli zake Tunduma na kurudi kila mwisho wa wiki. Na mvua zikaanza kutuyumbisha. Sisemi zilikoma. Zilichelewa, halafu zikaja zote kwa mkupuo, halafu zikakatika maharage yakiwa kwenye maua. Kahawa ilichanua kidogo, ikapumzika, ikachanua tena, hivyo tawi moja likawa na maua, matunda mabichi na yaliyoiva kwa wakati mmoja, na wachumaji wakawa wanapita kwenye mti uleule mara nyingi bila kujaza ndoo. Shamba la mjomba liliumia zaidi kwa sababu liko upande unaopigwa na jua la mchana. Nilimwona anatembea kati ya miti akivunja matawi yaliyokauka.

Juu ya kijiji kuna mlima wenye msitu wa miombo. Chemchemi inayotupa maji iko chini yake, na maji yanateremka yenyewe kwa bomba mpaka kwenye vilula tunapochotea. Kuizunguka chemchemi kulikuwa na mawe ya mpaka na hakuna aliyethubutu kukata hapo. Lakini msitu wa juu ulikuwa wa kijiji, na kijiji chenyewe ndicho kilipaswa kuamua. Mwaka ule akaja mnunuzi wa mkaa kutoka Tunduma, mtu mwenye maneno laini na viatu vizuri. Aliahidi kijiji ushuru, akaahidi kutengeneza barabara, akaahidi vijana kazi. Mkaa ungepelekwa Tunduma na miji mingine, ambako watu wanapika kila siku na hawaulizi mti ulikuwa wapi.

Kijiji kikagawanyika. Wengine walisema miti itaota tena. Wengine, hasa kina mama wanaochota maji na wenye mashamba ya bondeni, walisema hapana. Walinifuata mimi, mwalimu wa jiografia, wakaniomba niwasemee kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nilikubali. Na jambo la kwanza nililofanya, kama nilivyofanya kwa kila jambo tangu utotoni, ni kwenda kwa mjomba.

Nilimkuta barazani anamenya karanga. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Utaanzia wapi?" akauliza.

"Kwenye mvua. Nitaeleza mabadiliko ya tabianchi, kwamba dunia inapata joto kwa sababu ya moshi tunaoutoa sisi wanadamu na misitu tunayofyeka. Halafu nitashuka mpaka kwenye msitu wetu na chemchemi yetu."

"Watakupinga."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Akafikiri. "Basi tufanye hivi. Wewe uwe wewe, mimi niwe mpinzani wako. Nikubane kwelikweli. Ukinishinda mimi, pale mkutanoni hakuna wa kukusumbua."

Nilifurahi sana. Kwa majuma yale kabla ya mkutano nilikwenda kwake karibu kila jioni baada ya vipindi. Mama alituletea chai na viazi, akakaa kidogo, akaondoka. Mjomba alinibana kweli. Aliniuliza kama ukame haukuwapo enzi za babu yangu. Aliniuliza moshi wa Tunduma unaweza nini mbele ya moshi wa nchi kubwa zenye viwanda. Nilijibu. Niliposhindwa alinionyesha nimeshindwa wapi, nikarudi kesho yake na jibu bora.

Jioni moja akaleta swali jipya.

"Na Jupita je?"

Nikacheka. "Jupita imeingiaje?"

"Jupita inabadilika. Umeona kwa macho yako. Mkanda ulipotea, ukarudi. Dhoruba nyekundu inapungua. Huko hakuna lori, hakuna mkaa, hakuna mtu. Sasa kama sayari inabadilika yenyewe, kwa nini mnatulaumu wanadamu kwa hii ya kwetu?"

Nilikuwa nimeona maneno ya namna hiyo kwenye video watu wanazorushiana simuni, kwamba sayari zote zinabadilika kwa hiyo kosa si letu. Sikujua kama mjomba naye huzitazama. Nilijibu kama alivyonifundisha. Nikasema ni kweli Jupita inabadilika. Nikasema ile ni dunia ya mawingu matupu, ina joto lake lenyewe linalotoka ndani, iko mbali sana na jua, na dhoruba zake zina sababu zake. Nikasema homa ya jirani haielezi homa yako. Inabidi kila mgonjwa apimwe. Huku kwetu wataalamu wamepima hewa na wameona kilichoongezeka na kilikotoka.

"Na dhoruba nyekundu inapungua kwa sababu gani?"

"Sijui," nikasema. "Nadhani hata wanaoichunguza bado wanabishana."

"Kwa hiyo hujui."

"La Jupita, sijui."

Kisha akasema, "Umejibu vizuri," akanimiminia chai.

Nikarudi nyumbani nimetulia. Nilimwambia mume wangu kwenye simu kwamba nina mjomba ambaye hakuna mtu mwingine anaye.

Siku ya mkutano tulikusanyika uwanja wa ofisi ya kijiji. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa, na nyuma yake mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, na yule mnunuzi wa mkaa. Kulikuwa na kiti cha nne kitupu. Mjomba alifika amevaa koti. Nilimwachia nafasi kwenye benchi pembeni yangu, nikaweka mkoba wangu pale watu wasikae. Alitusalimia wote, akapita, akaenda kukaa kile kiti cha nne.

Sikuelewa. Nilifikiri wamemheshimu kwa umri wake tu.

Mwenyekiti alifungua mkutano, akaeleza ajenda, akasema kwa kuwa jambo hili linahitaji elimu, serikali ya kijiji imemwomba mwalimu mstaafu atoe maelezo ya kitaalamu kabla ya wananchi kuchangia. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga makofi. Naikumbuka mikono yangu ikipiga.

Mjomba alisimama. Alianza na mvua, kama nilivyopanga kuanza mimi. Alisema mtaambiwa kwamba mvua zimebadilika, na ni kweli zimebadilika. Mtaambiwa ni kwa sababu ya moshi na kukata miti. Mtaambiwa kuhusu bonde na maharage yaliyokatikiwa na mvua kwenye maua. Alizitaja hoja zangu moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wangu, nyingine kwa maneno yangu yaleyale, na kila moja aliiwekea jibu. Hayakuwa majibu tuliyoyafikia pamoja. Yalikuwa maswali yake ya mwanzo, yale niliyokwisha kuyajibu barazani kwake. Ila sasa aliyasema kama hakuna aliyewahi kuyajibu.

Kisha akainua mkono kuelekea mbinguni, mchana ule, hakuna nyota.

"Huko juu kuna sayari kubwa inaitwa Jupita. Nimeitazama miaka mingi kwa darubini yangu, wengi wenu mnaijua. Dhoruba zake zinabadilika. Mkanda mzima wa mawingu ulipotea, ukarudi. Huko hakuna mtu anayechoma mkaa." Watu wakacheka. "Kama Mungu anabadilisha hali ya hewa ya sayari kubwa kiasi hicho bila sisi, sisi ni nani tujifikirie kwamba tunabadilisha ya kwake hapa?"

"Kweli!" mtu akaitikia nyuma.

"Na msinisikilize mimi peke yangu. Mwalimu wetu wa jiografia yuko hapa, ni mtoto wangu, nimemlea. Yeye mwenyewe ameiona Jupita ikibadilika. Nilimuuliza sababu ni nini. Aliniambia nini? Aliniambia hajui."

Alinitazama aliposema hivyo. Nilitegemea nitaona aibu machoni mwake, au hata hasira. Hakukuwa na kitu. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi anayemtumia kuonyesha darasa zima kosa.

Niliomba nafasi. Nilisimama nikajaribu kusema kwamba nilichosema sijui ni cha Jupita, si cha hapa. Nikaanza kueleza joto la ndani ya ile sayari, na kwamba haina ardhi, na nikasikia mwenyewe jinsi maneno yangu yanavyokwenda mbali, mbali na msitu, mbali na vilula, mpaka kina mama walionituma wakaanza kutazamana. Nilikuwa nabishana juu ya mawingu ya kwingine mbele ya watu waliokuja kuamua juu ya miti yao. Nilipojaribu kurudi kwenye chemchemi, mwenyekiti akaniambia muda wangu umeisha, na wengine wanataka kuchangia.

"Mwalimu, si ulisema hujui!" kijana mmoja akapaza sauti, na kicheko kikazunguka uwanja.

Nikakaa. Walipoombwa kunyoosha mikono wanaokubali, mikono ilikuwa mingi. Mjomba naye alinyoosha, na koti likapanda, nikaona kwapani lilipochanika na mama kulishona vizuri kwa uzi wa rangi nyingine.

Nilikwenda kwao kesho yake. Sikutaka kwenda siku ileile, niliogopa mdomo wangu. Nilimkuta mama jikoni anapepeta mahindi. Hakuniangalia.

"Mama, ulijua?"

Akaendelea kupepeta.

"Mama."

"Nilijua," akasema. "Walikuwa wanakuja hapa, yeye na mwenyekiti na yule wa Tunduma. Walianza kuja kabla hujaanza kuja wewe."

"Na mimi nakaa hapo barazani nakunywa chai yako."

"Ungetaka nifanye nini? Nimweke mume wangu mbele yako nimseme?" Akaweka ungo chini. Macho yalikuwa yamejaa machozi. "Niliomba Mungu usishinde, ili usije ukagombana naye mbele za watu. Hilo ndilo niliomba."

Mjomba alikuwa shambani. Nilimfuata. Alikuwa anapogoa kahawa, panga mkononi, na aliponiona hakuacha.

"Shikamoo mjomba," nikasema, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

"Marahaba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja tena?"

"Nisingekuja."

"Basi."

Nilisimama pale. Nilimuuliza kama wamemlipa. Hapo aliacha kupogoa, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akapandisha sauti.

"Unaniona mimi ni mtu wa kununuliwa? Mdogo wako hana kazi, unajua hana kazi. Huyu bwana amempa lori aendeshe. Hilo ndilo unaloliita malipo? Na mimi nimekaa hapa tangu nistaafu, nani amewahi kunifuata kuniuliza neno? Kanisani wananiita msumbufu. Ofisini wananipita. Hawa walikuja, wakakaa, wakasema mwalimu, tunahitaji elimu yako. Wewe ulikuja kwangu kujifunza namna ya kushinda. Hukuniuliza hata siku moja mimi nafikiri nini."

Lile lilikuwa kweli, na liliniingia. Sikuwahi kumuuliza. Nilichukulia kwamba najua.

"Basi nakuuliza sasa," nikasema. "Unaamini ulichosema jana?"

"Nilichosema ni kweli. Jupita inabadilika."

"Sikukuuliza hivyo."

Akaangalia tawi mbele yake, kavu, lenye matunda meusi yaliyosinyaa. Nilisubiri kama yeye alivyozoea kusubiri watu msibani. Nikadhani atasema kitu ambacho ningeweza kurudi nacho nyumbani. Kisha akainua panga akaendelea na kazi.

Niliondoka. Njiani nilikutana na mwanakwaya mwenzangu, mmoja wa wale walionituma, amebeba maji. Nilimwomba radhi kwa kushindwa. Akaniambia, "Hukushindwa wewe. Umeuzwa." Akaendelea na ndoo yake kichwani. Neno hilo lilinishika miezi mingi. Nililisikia nikiwa darasani, nikiwa napika, nikiwa kanisani mjomba amekaa benchi la mbele kama kawaida na mgongo wake umenyooka.

Msitu ukaanza kukatwa baada ya mavuno. Matanuri yalifuka mlimani, na asubuhi moshi ulilala kijijini. Vijana kadhaa walipata kazi kweli. Barabara ilichongwa kidogo, mpaka pale lori linapogeukia. Kitindamimba wa mjomba alipita na lori akipiga honi, na aliponiona alinipungia mkono kwa furaha. Sidhani kama kuna mtu aliyemweleza chochote.

Mwaka uliofuata mvua zilikuja vizuri. Lazima niseme hilo, kwa sababu ni kweli. Zilikuja kwa wakati na zilikuwa nyingi, na mahindi yakasimama. Watu walinitania njiani: "Mwalimu, mvua hizo!" Niliwaeleza kwamba msimu mmoja hautoshi kusema lolote, si kwa upande wangu wala kwa upande wao. Hawakunisikiliza. Nilishakuwa yule mwalimu asiyejua. Katika mvua hizohizo udongo wa mlimani ulishuka. Vilula vikatoa maji mekundu, na kina mama wakawa wanayaacha ndooni yatulie kabla ya kupikia. Mashamba ya maharage bondeni yakafunikwa na tope lenye vipande vya magome yaliyoungua. Sikufurahi kuwa sahihi, kama kweli ile ilikuwa kuwa sahihi. Nilikwenda kusaidia kuzibua mifereji. Mjomba hakuja. Niliambiwa alikuwa anaumwa mgongo.

Shuleni nilifundisha mada ya hali ya hewa bila kutaja sayari nyingine. Kila nilipofika sehemu niliyopaswa kusema sijui, nilijikuta nasita, natazama nyuso za wanafunzi, najiuliza ni nani kati yao atalibeba neno hilo na kulipeleka wapi. Hiki ndicho alichoniibia mjomba, na hakuna mkutano unaoweza kukirudisha. Msitu huenda ukaota. Lakini mimi nilikuwa mtu aliyeweza kukiri asichokijua bila hofu, na nilikuwa hivyo kwa sababu yake.

Niliomba uhamisho kwenda Tunduma. Nilisema ni kumfuata mume wangu, na ni kweli nilimfuata. Sasa naishi mjini, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, na jikoni kwangu napikia gesi, ingawa siku mtungi unapokwisha nanunua mkaa kama kila mtu mtaani. Nikishika kipande natazama kama ni cha miombo. Hakuna njia ya kujua kimetoka mlima gani.

Mjomba alikuja mara moja, mwanangu mkubwa alipopata kipaimara. Alikuja na mama, amezeeka, anatembea akishika ukuta. Nilimwamkia nikikunja magoti kidogo kama inavyopasa, akaitikia. Nilimpa kiti kizuri, nikampakulia mwenyewe, nikamnawisha mikono. Watu walionitazama wangesema huyu ni mtoto anayempenda mzee wake, na wasingekosea.

Baada ya chakula, wageni wengine walipotoka nje kupiga picha, tulibaki wawili sebuleni. Nikajua anataka kusema kitu, kwa sababu alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa chake cha mkononi.

"Wanafunzi wako wa huku wanajitahidi?" akauliza mwishowe.

"Wanajitahidi."

"Wanauliza maswali?"

"Wanauliza."

Akatikisa kichwa kukubali, akangoja. Nadhani alitaka nimuulize jambo, lolote, ili apate pa kuanzia. Zamani ningemuuliza. Nilikusanya sahani, nikamwambia basi lao litawahi kuondoka, kwa hiyo wajiandae mapema, nikazipeleka jikoni.